Kidole cha mwisho ndicho kilichoniamulia kamera

Nilijua mambo yameharibika siku niliposhindwa kufungua chupa ya maji. Nilikuwa nimetoka kupiga picha za sherehe iliyoanza asubuhi ikaisha usiku, kamera mkononi muda wote, na nilipoketi nikashika kifuniko, mkono wa kulia ukagoma. Hayakuwa maumivu makali. Ni ule uzito wa ajabu unaoanzia chini ya kidole gumba, unapita kwenye kifundo na kupanda hadi karibu na kiwiko. Mwenzangu aliichukua chupa, akaifungua, akanirudishia. "Kaka, achana na hilo tofali," akasema. "Nunua kamera isiyo na kioo, utapona."

Tofali lenyewe ni Nikon D750, DSLR (kamera ya kidijitali yenye kioo ndani) ya mwaka 2014. Ikiwa na betri na kadi ina gramu 840, na lenzi niliyoifunga siku zote ni 24-70 f/2.8 ya zamani, gramu 900 (namba za mwanzo ni urefu wa fokasi kwa milimita; f ni tundu la mwanga, na namba yake ikiwa ndogo mwanga mwingi zaidi unaingia). Jumla gramu 1,740. Si mzigo wa kumtisha mtu mzima ukiunyanyua mara moja. Unyanyue mara elfu mbili kwa siku ndipo tuzungumze.

Kila niliyemuuliza alinijibu kama yule mwenzangu, kana kwamba wameambizana: kamera zisizo na kioo ni ndogo, ni nyepesi, mkono utapumzika. Nami nikaamini, kwa sababu ukifikiria jinsi zinavyoundwa inaelekea kweli. Ndani ya DSLR kuna kioo kilicholala kwa pembe, kinarusha taswira juu hadi kwenye kidirisha unachochungulia, kisha ukibonyeza kinaruka kupisha mwanga ufike kwenye kihisi, kile kinachonasa picha. Kioo hicho kinahitaji nafasi ya kuruka. Ndiyo maana kwenye DSLR za Nikon umbali kutoka kihisi hadi mahali lenzi inapofungwa ni milimita 46.5, na kwenye familia ya Z, isiyo na kioo, ni milimita 16 tu. Toa kioo, bodi, yaani kamera bila lenzi, inakonda. Hesabu rahisi.

Bahati nzuri sikukimbilia kununua. Rafiki mmoja ana Nikon Z6, ya mwaka 2018, akaniazima pamoja na adapta ya kufungia lenzi zangu za zamani. Nikaichukua hadi nyumbani, nikatoa mizani ya jikoni na kuanza kupima kila kitu kama muuza nyama.

Z6 ikiwa na betri na kadi: gramu 675. Hapo nikatabasamu, nimeokoa gramu 165. Kisha nikaweka adapta: 135. Tabasamu likaisha. Yaani ukifunga lenzi zilezile za zamani, tofauti nzima kati ya tofali na kamera ya kisasa ni gramu 30. Hata betri moja ya akiba mfukoni inazidi hapo. Nikajaribu na 70-200 f/2.8 yangu ya gramu 1,430: DSLR jumla 2,270, Z6 na adapta 2,240. Mkono hauwezi kuhisi tofauti hiyo, hata uwe wa sonara.

Kilichonishangaza zaidi ni lenzi ya 50 f/1.8. Ninayo ile ya DSLR, kitu kidogo cha gramu 185. Ile ya f/1.8 iliyotengenezwa kwa ajili ya Z, rafiki yangu alikuwa nayo begini, ina gramu 415. Ni lenzi kali, picha zake safi hadi pembeni kabisa, sina ubishi. Lakini Z6 na 50 yake inafika gramu 1,090, wakati tofali langu na 50 yake ya plastiki ni 1,025. Kamera "nyepesi" imekuwa nzito kuliko kamera "nzito". Tangu siku hiyo mtu akinitajia uzito wa bodi peke yake namuuliza: na mbele yake unafunga nini?

Nikaamua kuiacha mizani, nikaitumia Z6 wiki nzima na ile 24-70 nzito kupitia adapta. Siku ya pili mkono ukauma kuliko mwanzo. Nikadhani ninajidanganya. Gramu ni zilezile, pungufu kidogo, kwa nini maumivu yaongezeke?

Jibu nililipata nikiwa nimekaa kitini naangalia mkono wangu. Kwenye D750 vidole vinne vina kazi: cha shahada kiko juu ya kitufe, cha kati, cha pete na cha mwisho vimekumbatia mshikio. Kwenye Z6 kidole cha mwisho kilikuwa kinaning'inia hewani, chini ya kamera, kimekosa pa kukaa. D750 ina kimo cha milimita 113. Z6 ina 100.5. Hizo milimita kumi na mbili na nusu ni unene wa kidole changu cha mwisho, basi. Kikikosa kazi, vidole viwili vilivyobaki vinabeba mzigo wa vitatu, na kwa kuwa havitoshi, kidole gumba nacho kinabana kwa nyuma ili kamera isiinamie mbele. Ndiyo sababu niliumia kwenye shina la gumba. Bodi nyuma imepungua uzito, lenzi mbele ni ileile, kwa hiyo pua ya kamera inataka kwenda chini na gumba linaizuia kutwa nzima.

Sisemi mshikio wa Z6 ni mbaya. Yule rafiki aliyeniazima ana viganja vidogo, na kwake vidole vyote vinaenea. Akiishika D750 yangu ndiye anayelalamika, kidole chake cha shahada hakifiki vizuri kwenye gurudumu la mbele. Kamera ni kama viatu. Anayekushauri bila kuona mguu wako anakuuzia cha kwake.

Nikatafuta kipande cha ubao chenye unene wa sentimita moja na nusu, nikakisugua kwa msasa, nikakifunga chini ya Z6 kwa gundi ya karatasi. Kilikuwa kituko. Kila nikitaka kubadilisha betri ilibidi nibandue gundi yote, maana mlango wa betri uko chini. Lakini kidole cha mwisho kikapata makao, na jioni ya siku hiyo nilikuwa nakunja ngumi bila shida. Baadaye nikagundua vipo vitako vya alumini vinavyouzwa kwa kazi hiyo hiyo, vinafungwa kwa skrubu kwenye tundu la tripodi na vimeachiwa nafasi ya betri. Ubao wangu nimeutunza, kwa ukumbusho.

Ubao huo haukumaliza kila kitu. Wiki ile nilianza kujichunguza nikiwa kazini, nikaona jambo la aibu kidogo kwa mtu aliyefanya kazi hii miaka mingi: maumivu hayakuja ninapopiga picha. Ninapopiga, mkono wa kushoto uko chini ya lenzi, viwiko vimebana mbavuni, uzito umegawanyika. Tatizo ni katikati ya picha na picha. Natembea, nasubiri, napiga soga na wageni, na muda wote huo kamera inaning'inia kwenye mkono wa kulia peke yake, vidole vimeikamata kama ndoo. Katika saa kumi za sherehe huenda napiga kwa saa mbili. Saa nane zilizobaki nabeba ndoo. Nikanunua mkanda unaovaliwa begani kuelekea nyonga ya upande wa pili, kamera ikatulia kwenye paja. Mkanda huo umenisaidia kuliko kamera yoyote, na ungenisaidia hata ningebaki na tofali langu. Mtu akiniuliza leo, namwambia aanze na mkanda, asubiri mwezi mmoja, ndipo afikirie kubadilisha kamera.

Hadi hapo ungedhani nilimrudishia rafiki yangu Z6 yake nikashukuru. Niliirudisha kweli, lakini nilikuwa nimeshaamua kununua ya kwangu, na sababu haikuwa uzito.

Sababu ni shingo na macho. Nimevuka arobaini, skrini ya nyuma ya kamera siioni sawasawa bila miwani ya kusomea. Kwa DSLR mzunguko wangu ulikuwa huu: chungulia, piga, shusha kamera, vaa miwani, tazama picha, kumbe mwanga umezidi, vua miwani, nyanyua kamera, piga tena. Kilo moja na robo tatu inapanda na kushuka mara mbili kwa picha moja. Kwenye kamera isiyo na kioo, kidirisha chenyewe ni skrini ndogo. Naona mwanga umezidi kabla sijabonyeza. Nikitaka kutazama picha niliyopiga naitazama humohumo kidirishani, na kwa kuwa kidirisha kina kigurudumu cha kurekebisha kulingana na jicho, miwani haihitajiki. Kamera inapanda mara moja, inakaa usoni, kazi inaisha. Sikuwahi kuona mtu akiliorodhesha jambo hili kwenye mambo ya starehe ya mkono, lakini kwangu ndilo kubwa kuliko gramu zote nilizopima.

Skrini ya kukunjuka nayo inaingia hapo. D750 inayo, ila ukiitumia fokasi inazubaa. Kioo kimeinuka, na vihisi vya fokasi vilivyotegemea kioo hicho havioni kitu. Kwa hiyo sikuwa naitumia kwa watu wanaotembea. Kwenye Z6 fokasi ni ileile, uchungulie kidirishani au utazame skrini. Sasa picha nyingi za watoto nazipiga kamera ikiwa usawa wa tumbo, viwiko mbavuni, bila kupiga magoti. Magoti yangu yamefurahi kuliko mkono.

Si kwamba sikupoteza kitu. Kidirisha cha DSLR ni dunia yenyewe unayoiona, haina chenga, haiishi betri. Kile cha umeme gizani kinaonyesha chengachenga, na baada ya saa nne mfululizo jicho langu la kulia linakauka kama lililotazama televisheni usiku kucha. Na betri: kwa kipimo cha kawaida cha viwanda, D750 inapewa picha 1,230 kwa chaji moja na Z6 inapewa 310. Kwa kweli ukipiga mfululizo unapata nyingi kuliko hizo, lakini Z6 bado inamaliza chaji mapema zaidi, nami sasa natembea na betri tatu. Angalau betri zangu za zamani zinaingia humo humo. Lenzi yangu moja ya zamani sana, isiyo na mota ndani, kwenye adapta haifokasi yenyewe, inabidi kuzungusha kwa mkono. Nimeiacha kabatini.

Jambo la mwisho lililobadilika ni lenzi. Niliiuza ile 24-70 f/2.8 nikachukua 24-70 f/4 iliyotengenezwa kwa Z, gramu 500. Sasa jumla ni 1,175 badala ya 1,740, na hapa ndipo uzito uliposhuka kweli, gramu 565, nyingi zikitoka kwa sababu nilikubali lenzi inayoingiza mwanga nusu. Ukumbi wa giza unaniadhibu kwa hilo. Kamera ina kitulizo ndani ya bodi, kihisi chenyewe kinacheza kufidia mtetemo wa mkono, lakini kitulizo hakimtulizi bwana harusi anayecheza. Inabidi niongeze ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, na kukubali picha yenye chenga kidogo. Nimekubali. Kuna wapigapicha watakaosema nimekosea, na kwa kazi zao wako sahihi.

D750 sikuiuza. Ile 50 ya gramu 185 sasa imehamia huko moja kwa moja, na nikitoka kwa matembezi yangu ndiyo ninayochukua, kwa sababu inakaa mkononi kama imezaliwa humo na betri naweza kuisahau wiki nzima. Ile 70-200 bado inanisumbua. Kwa bodi yoyote ninayoifungia, ni zaidi ya kilo mbili, na kitako cha alumini hakisaidii kitu. Nimeanza kuitumia juu ya mguu mmoja wa tripodi, nikisimama pembeni kama mlinzi wa getini, na wenzangu wananicheka.