Sauti ya kwanza ilinaswa ughaibuni

Jumamosi nikishafua, huwa nashuka kituo cha Dongmyo hapa Seoul kutembeza macho kwenye mitumba. Makoti, saa mbovu, redio, viatu vya jeshi, vyote vimemwagwa chini utadhani uko Karume. Mwezi uliopita nikamkuta mzee amekaa kwenye kigoda, mbele yake gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Akashusha sindano kwenye santuri. Kwanza ikawa kama dagaa wanakaangwa, halafu akatoka mwanamume mwenye sauti ya kukwaruza, anaimba kama anayelia, ngoma moja ikimwitikia.

"Pansori hiyo, haksaeng," akaniambia. Kwake kila kijana ni mwanafunzi. "Anayeimba ni Im Bang-ul."

"Wimbo mzima una urefu gani, sajangnim?" nikamuuliza, yaani bosi, mwenye duka.

Akacheka. Pansori ni hadithi inayosimuliwa kwa kuimba; kisa kimoja kikiimbwa chote kinaweza kula hata masaa manane, na upande mmoja wa santuri ile ni dakika tatu tu. Mwimbaji alilazimika kuchagua pale panapochoma zaidi.

Wakorea wa zamani waliiita mashine hiyo yuseonggi, yaani chombo kinachobakiza sauti. Mwaka 1899 gazeti la Hwangseong Sinmun lilitoa tangazo la kuwaita watu waje kuisikiliza, kwa kiingilio, kama tulivyokuwa tunalipa kuangalia video kibandani. Kuna kisa kinachosimuliwa sana hapa, cha Mfalme Gojong na mwimbaji wake Park Chun-jae. Chun-jae aliimba mbele ya mashine, mashine ikamrudishia sauti yake ileile, mfalme akamwambia basi umri wako umepungua miaka kumi. Mimi naona alikuwa anamtania. Ila bibi yangu wa Pangani alikataa kupigwa picha mpaka anazeeka, kwa hofu hiyohiyo, kwa hiyo siapi.

Santuri za kwanza za biashara za Kikorea zilitoka 1907, kwa kampuni ya Columbia ya Marekani. Lakini kilichonikaa moyoni ni cha nyuma ya hapo. Sauti za Wakorea zilinaswa kwenye silinda za nta mwezi Julai 1896, na si Seoul. Ni Washington. Vijana wa Kikorea waliokuwa huko waliimba mbele ya Alice Fletcher, mama mtafiti aliyezoea kurekodi nyimbo za wenyeji asilia wa Marekani. Mojawapo ya walizoimba ni Arirang. Silinda zipo mpaka leo Maktaba ya Bunge la Marekani. Yaani nyumbani watu walikuwa bado hawajatangaziwa hata mashine yenyewe, na wenzao wa ughaibuni wameshaimba ndani yake.

Hata baadaye, kurekodi kulikuwa safari. Yun Sim-deok, mwimbaji aliyesomea Tokyo, alivuka bahari mwaka 1926 kwenda kurekodi Osaka. Akiwa melini anarudi Busan, akatoweka pamoja na mpenzi wake, mwandishi wa tamthilia Kim U-jin, aliyekuwa na mke. Santuri yake ikanunuliwa kama maandazi ya asubuhi. Miaka miwili baadaye Siti binti Saad naye akapanda meli kutoka Unguja kwenda Bombay kwa kazi hiyohiyo. Yeye, alhamdulillahi, alirudi.

Mzee akaniuzia moja yenye ufa pembeni kwa won 5,000. Gramafoni sina, na bei aliyonitajia ya ile yake ni kodi yangu ya miezi miwili. Nikaitia kwenye begi. Hizi za zamani hazipindi, zinavunjika kama sahani, nami nikapanda treni ya jioni yenye msongamano. Mtu mmoja akaniegemea, nikasikia ka!

Vipande vitatu. Nikavipiga picha nikamtumia Mama, akanijibu kwa sauti kwenye WhatsApp, kuku wakilia nyuma yake: "Sasa mwanangu, hicho kisahani kilikuwa kinaimba nini?"

Nikamwambia sikuwahi kukisikia.