Uyoga wa uwanja wa mpira

Desemba 2008 nilikuwa nimemaliza la sita, likizo nikapelekwa kwa bibi Luchelele, hapa Mwanza pembeni ya ziwa. Mvua zilikuwa zimeshika, na zikishika hivyo bibi anajua vichuguu vyake vimeshazaa uyoga. Alfajiri anatugongea, "ng'wanawane (mwanangu) amka, watatutangulia", tunatoka na beseni hata chai hatujanywa.

Bibi haung'oi tu. Anachimba na kijiti taratibu akifuata mguu wa uyoga kwenda chini, maana uyoga wa mchwa una mzizi mrefu unashuka mpaka kwenye makazi ya mchwa huko ndani, na juu ya kofia una kichuchu kigumu ndo kinachotoboa udongo. "Usipouona mzizi, uache hapo hapo." Mimi nawaza karanga tu, maana ule uyoga ukiungwa na karanga za kutwanga, na ugali wa udaga pembeni, jamani, nyama ikae mbali.

Sasa siku bibi kaenda sokoni, mimi na binamu yangu tukajifanya wataalamu. Uwanja wa mpira tukakuta mauyoga yameota kwa duara, meupe, makubwa kama sahani, yana magamba ya kahawia juu. Tukabeba mawili. Njiani tukapita kwenye mzambarau mwitu kule kijitoni, tukala zambarau mpaka ndimi zikawa nyeusi. Nyumbani uyoga mmoja tukauchoma na chumvi, kofia ya mwingine tukailaza juu ya gazeti la michezo dirishani, bibi akirudi aone wajukuu wamekomaa.

Na ulikuwa mtamu, siwadanganyi, hapo ndo unapomalizia watu.

Masaa mawili hayajaisha tumbo likaanza kunyonga, tukatapika, tukatapika tena, na yote rangi ya zambarau. Bibi anaingia anakuta sakafu imechafuka hivyo akajua damu, akapiga yowe mtaa mzima ukaja. Binamu anajitahidi kueleza "bibi ni zambarau tu" halafu anatapika katikati ya sentensi. Kuna jirani akaanza kulaumu eti tungeuchemsha na kitunguu saumu, kikibadilika rangi ni sumu, uongo mtupu, hakuna kitunguu kinachojua sumu. Tukapakiwa kwenye baiskeli moja, binamu mbele mimi nyuma, mpaka zahanati. Mganga wa pale akasema huu wa kutapisha haraka mara nyingi unapita, wa kuogopa ni ule unaokaa kimya masaa sita na zaidi ndo unaanza, huo unakwenda kula ini. Tukapewa maji ya chumvi na sukari, tukalala huko huko.

Kesho yake bibi akauinua ule wa dirishani. Chini yake, usoni mwa mchezaji fulani wa timu sijui gani, vumbi la kijani limejipanga mistari mistari kama miale ya jua. Akalipuliza, halikutoka. Wa mchwa unaacha vumbi la pinki hafifu, kijani kamwe. Jina la huu nilikuja kulijua ukubwani, Chlorophyllum molybdites, ila bibi hakuhitaji jina.

"Na mzizi ulikuwa wapi?"

Binamu, bado kajikunja na tumbo lake, akaninyooshea kidole mimi.