Nilivyovimaliza vitabu vya vita na sheria kwa kuvisoma kama majalada ya kesi

Nimemaliza jamani. Vitabu vitatu vya wasomi kuhusu mauaji ya kimbari ya Rwanda, hukumu nzima ya kesi ya Akayesu, mmoja wa waliohukumiwa kwa mauaji hayo, halafu nikarudi kwa Clausewitz, yule mwanajeshi wa Prussia wa zamani aliyeandika kitabu kuhusu vita, aliyenishinda mwaka juzi, na safari hii tukaelewana. Naandika kwa sababu nina furaha, na kwa sababu ule ushauri mbovu niliopewa mwanzoni unaniuma mpaka leo, ningeelekezwa vizuri nisingepoteza miezi mitano.

Mimi ni karani wa mahakama ya mwanzo, na Arusha ndo kwetu. Utotoni tulikuwa tukipita na daladala karibu na AICC, lile jengo kubwa la mikutano ya kimataifa, tunaona magari meupe ya UN, wakubwa wanasema pale ndani kuna mahakama ya Rwanda, basi, hakuna aliyetueleza zaidi. Baraza la Usalama liliiunda Novemba 1994, ikafungwa mwisho wa 2015, walioshtakiwa ni 93, na mimi nimekulia mji huohuo bila kujua hata kesi moja ilivyokwenda. Hilo lilinikera miaka mingi. Nikaamua nitasoma, tena vya wasomi wenyewe, sio vipande vya kutumiana kwenye simu.

Nikamwendea mtu mmoja aliyesoma sana, nikamuuliza nianzie wapi. Akaniambia vita huwezi kuvielewa bila Clausewitz, anza ukurasa wa kwanza na usiruke hata mstari. Nikatii. Nikapata PDF, nikaenda steshenari wakaniprintia na kubaindi, elfu thelathini na kitu hivi, nikaanza. Kile kitabu kina sehemu nane na kila moja ni kitabu kamili ndani ya kitabu. Ya kwanza nikapita nikidhani naelewa. Ya pili na ya tatu nikawa nasoma sentensi moja mara nne. Kufika ya sita, ile ya ulinzi ambayo ndo ndefu kuliko zote, ni ngome, ni milima, ni kuvuka mito, ni misitu na mabwawa, majeshi ya Ulaya ya enzi za Napoleon yanatembea kwa miguu na farasi, na mimi nimekaa na kamusi mkono huu na kalamu mkono huu, saa tano usiku, kesho saa moja na nusu natakiwa kazini. Miezi mitano hiyo. Nilikuwa naamka nakiona pale mezani roho inasinyaa. Nikaacha.

Kinachoniuma ni hiki. Baadaye sana ndo nikajua kwamba Clausewitz alikufa 1831 kwa kipindupindu kabla hajakimaliza, mke wake Marie ndiye aliyeanza kukitoa mwaka uliofuata, na kuna maandishi aliyoyaacha mwenyewe yanayosema sura ya kwanza ya sehemu ya kwanza ndiyo peke yake anayoiona imekamilika. Mwenye kitabu anakwambia sura moja ndo iko tayari, halafu mtu ananikataza kuruka mstari! Siku hizi nikielekezwa kitabu namuuliza anayenielekeza yeye alikisoma kwa njia gani na alikimaliza lini.

Mlango ulifunguka kazini. Siku hiyo hakimu anataka jalada la zamani la mgogoro wa shamba, nene kweli, linaenda rufaa. Nikalichukua, na bila kufikiri mkono ukaenda nyuma kwenye hukumu, nikaona nani kashinda na kwa sababu gani, nikarudi kwenye madai, ndo nikaingia kwenye mwenendo wa kesi: SM1, yaani shahidi wa kwanza wa mdai, kasema nini, SU1, shahidi wa kwanza wa utetezi, kajibu nini, vielelezo viko wapi. Dakika ishirini kesi yote naijua. Nikasimama palepale masjala na lile jalada mkononi nikajiuliza, hivi kwa nini kitabu nakisoma tofauti na jalada? Msomi naye si ana madai? Si ana mashahidi wake? Si kuna mwenzake anayempinga? Nawaambia nilitetemeka, nilijua nimeshapata.

Kwa hiyo nikaanza na hukumu kabla ya kitabu chochote. Ya Akayesu ipo bure kwenye intaneti, imetolewa tarehe 2 Septemba 1998, ina aya zaidi ya 700. Jean-Paul Akayesu alikuwa mwalimu, akawa mkaguzi wa shule, akawa mkuu wa komuni ya Taba, komuni ni eneo la utawala lililo chini ya mkoa. Ndiye wa kwanza duniani kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari baada ya kesi kusikilizwa, hapahapa Arusha, na hukumu hiyo ndo ya kwanza kusema kubaka kunaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Majaji walikuwa Laïty Kama wa Senegal, Lennart Aspegren wa Sweden na Navanethem Pillay wa Afrika Kusini. Na hati ya mashtaka ya mwanzo haikuwa na ubakaji kabisa! Mashahidi wanaitwa kwa herufi, sasa shahidi J akiwa anatoa ushahidi akaeleza aliyofanyiwa binti yake wa miaka sita, shahidi H naye akaeleza yake, na Juni 1997 mashtaka yakaongezwa. Mimi kama karani najua kubadilisha hati katikati ya kesi ni jambo zito, nilisoma hapo mara mbili. Aya za mashahidi hao msizisome usiku mkiwa peke yenu. Mimi nilizima simu nikakaa barazani mpaka nikasikia adhana ya alfajiri.

Ila kilichonishika zaidi ni tarehe. Hukumu inaonyesha kwamba mauaji yalipoanza Aprili 7, 1994, huyu mtu alijaribu kuyazuia pale Taba. Tarehe 18 viongozi wa serikali ya muda wakakutana na wakuu wa komuni kule Murambi, Gitarama. Baada ya hapo akageuka. Siku kumi na moja anazuia, halafu yeye ndo anakuwa mbele. Kwa nini? Nikaliandika hilo swali ukurasa wa kwanza wa kaunta buku langu, na kila mwandishi nikampandisha kizimbani ajibu hilohilo.

SM1 akawa mwanahistoria Alison Des Forges, kitabu chake cha 1999 kinakaribia kurasa 800, na yeye mwenyewe alitoa ushahidi wa kitaalamu kwenye kesi hiyo ya Akayesu. Ningeanza ukurasa wa kwanza ningeishia njiani tena, nikaandika tu neno Gitarama kwenye kutafuta ndani ya PDF nikaanzia hapo, kisha nikarudi nyuma na kwenda mbele kadiri swali lilivyonivuta. Madai yake: kundi dogo lililokuwa madarakani lilichagua kuua ili lisipoteze madaraka, likatumia ngazi zilezile za utawala, jeshi, mkuu wa mkoa, mkuu wa komuni, mpaka chini. SU1 nikamweka Scott Straus, msomi wa siasa, kitabu cha 2006, aliwahoji gerezani wauaji 210. Yeye anasema wengi hawakuongozwa na chuki ya miaka mingi, kulikuwa na vita, kulikuwa na hofu baada ya ndege ya rais kudunguliwa, na kulikuwa na shinikizo la majirani na la serikali yenye mkono mrefu mpaka kijijini. Hawapingani moja kwa moja lakini ukiwaweka meza moja unaona kila mmoja anasisitiza wapi, na siku zile kumi na moja za Taba zinaanza kueleweka.

Mahmood Mamdani, ambaye aliwahi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 70, nilimuweka mwisho na sijutii. Kitabu chake cha 2001 kinauliza haya majina mawili, Mhutu na Mtutsi, yamekuwaje vitambulisho vya kisiasa, na Wabelgiji wa miaka ya 30 na vile vitambulisho vyao wamo sana. Ukitoka kwenye hukumu unamuelewa haraka kwa sababu majaji wenyewe walihangaika na jambo hilo, maana kosa la mauaji ya kimbari ni lazima liwe na kundi linalolengwa: watu wanazungumza lugha moja, utamaduni mmoja, sasa ni makundi mawili kisheria kivipi?

Sheria yangu nyingine: madai ya kila kitabu naandika kwa Kiswahili, mistari mitatu, kama mwenendo wa mahakamani. Nikishindwa mistari mitatu, sijaelewa, narudi. Kiingereza cha wasomi kinaweza kukudanganya kwamba umeelewa. Kaunta buku moja limejaa, la pili liko nusu, bei sikumbuki, halikufika hata elfu tano.

Pa kukwama palikuwepo. Wiki mbili sikuelewa imekuwaje mtu apatikane na hatia ya mauaji ya kimbari lakini aachiwe kwenye mashtaka ya kuvunja Mikataba ya Geneva ya 1949, ile sheria ya kulinda watu wakati wa vita. Jibu ni kwamba majaji walitaka ithibitishwe anahusiana na jeshi au alitenda kwa ajili ya serikali katika vita. Juni 2001 majaji wa rufaa wakasema sharti hilo halimo kwenye sheria, ingawa hatia na kifungo cha maisha vikabaki vilevile. Hapo ndo nikamkumbuka Clausewitz. Maana swali la wale majaji ni lake, vita inaishia wapi na siasa inaanzia wapi, na raia mwenye ofisi yuko upande gani wa mstari.

Nikakitoa kile nilichobaindi, nikasoma sura ya kwanza tu, jioni tatu. Pale anaposema vita ni siasa inayoendelezwa kwa njia nyingine, pembeni nikaandika kwa kalamu nyekundu: Murambi, Aprili 18.

Sasa nimefungua jalada jipya, la wale wa redio RTLM na gazeti la Kangura, vyombo vya habari vya Rwanda vilivyochochea mauaji, hukumu ya Desemba 2003. Swali la ukurasa wa kwanza nimeshaliandika: mtangazaji anaanza kuwa muuaji kuanzia sentensi gani?