Huyu Hayupo, Andika

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Somo letu la wiki hii ni Matendo ya Mitume sura ya 6, aya ya 1 hadi ya 7. Tumezoea kulisoma kama habari ya kuwekwa mashemasi. Safari hii nilikwama aya ya kwanza tu, penye neno manung'uniko. Wajane wa Wayahudi wanaosema Kiyunani walikuwa wakirukwa kila siku chakula kinapogawiwa. Imani moja, ubatizo mmoja, mji mmoja. Kilichowatenga ni lugha na walikotoka.

Sisi mtu akinung'unika tuna dawa yake tayari: "Mama, mwachie Mungu." Akizidi, tunamkumbusha Waisraeli kule jangwani. Mitume hawakumkumbusha mtu jangwa. Waliita mkutano wa wanafunzi wote, na jambo likasemwa mbele ya wote. Kisha soma majina ya wale saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ya Kiyunani, na huyo wa mwisho ni mwongofu kutoka Antiokia. Siwezi kuapa kwamba wote saba walitoka upande wa walalamikaji, maana hata kati ya Mitume walikuwepo Andrea na Filipo, Waebrania wenye majina ya Kiyunani. Lakini inaelekea Waebrania, waliokuwa wenyeji, waliwakabidhi ghala walewale waliokuwa wakilia njaa.

Nayaandika haya nikiwa na aibu yangu. Jumamosi moja Kwaresima hii, jumuiya yetu ndogo ya Kikristo ilisali alfajiri barazani kwa jirani, huku Magomeni ya Bagamoyo. Tumemaliza nia, chai ya tangawizi inamiminwa, nikafungua daftari nisome matangazo. Mimi ndiye katibu. Bibi mmoja aliyekaa mwisho kabisa, penye rundo la kandambili, akanyoosha mkono.

"Katibu, mwanangu, ule unga wa wajane uligawiwa lini?"

"Juzi, bibi. Tulitangaza kwenye WhatsApp."

"Mimi nina simu ya tochi."

Watu wakacheka. Lafudhi yake ya Kimakonde huwachekesha vijana hata akisali Salamu Maria. Mtu mmoja, simtaji, akasema, "Wamakonde nao kwa kulalamika!" Kicheko kikaongezeka, na mimi nilicheka. Bibi akashusha mkono, akaanza kutafuta kandambili zake.

Nitasema neno juu ya utani. Utani wa makabila umetuokoa na mengi nchi hii, nami siutupi. Ila utani una zamu: leo unanitania, kesho nakutania. Yule bibi ana miaka mingi mtaani kwetu na sijamsikia hata siku moja akipewa zamu yake.

Kule Marekani, mjini Montgomery, Desemba 1955, watu weusi waliacha kupanda mabasi ya mji baada ya Rosa Parks kukamatwa kwa kukataa kumpisha mzungu kiti. Walishikilia hivyo siku 381. Tunamkumbuka Mchungaji Martin Luther King, na ni haki. Lakini siku 381 haziendi kwa hotuba. Zilikwenda kwa mikutano ya jioni makanisani, wiki baada ya wiki, mahali pa kuimba, kusali, kupeana habari na kuchanga fedha ya petroli ya magari yaliyowachukua watu kazini. Mpishi mmoja, Georgia Gilmore, aliwakusanya wanawake wenzake wakawa wanapika kuku na keki na kuuza, kisha mapato wanayaleta mkutanoni. Kikundi chao walikiita kwa jina lenye maana ya Kusikojulikana, ili mtu akiuliza fedha imetoka wapi, ajibiwe: kusikojulikana. Wengi wao wakipika majumbani kwa wazungu, wangejulikana wangefukuzwa. Yeye mwenyewe alisimama mahakamani 1956 akaeleza alivyotendwa na dereva wa basi, na kazi akaikosa. Mama lishe wa pale sokoni kwetu wangemwelewa bila mkalimani.

Nasi Bagamoyo tuna habari yetu. Wageni tunawapeleka misheni, tunawaonyesha mnara ulikolazwa mwili wa David Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mskoti, Februari 1874. Tunawataja watumishi wake Chuma na Susi, kwamba wao na wenzao waliubeba miezi na miezi tangu alikofia, kwa Chitambo, huko Zambia ya leo. Tunaishia hapo. Pwani mzigo ulipopokelewa, Chuma na Susi waliachwa nyuma. Livingstone alizikwa London Aprili mwaka uleule, na kati ya wale waliombeba aliyekuwepo mazishini ni Jacob Wainwright peke yake. Hao wawili walipelekwa Uingereza baadaye, kaburi likiwa limekwisha kufunikwa. Sidhani kulikuwa na mtu aliyekusudia kuwatukana. Walisahauliwa tu, kama wale wajane. Na mimi sikukusudia kumruka bibi.

Jumatatu jioni nilimfuata kwake. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba akiendelea kupepeta. Nikamwomba radhi, nikamwambia jumuiya imekubali tangazo lisomwe kwa mdomo, na daftari la wajane alishike yeye.

"Mimi sijui kusoma."

"Mjukuu atakusomea, bibi."

Basi Jumamosi iliyofuata mtoto alisoma jina moja moja mbele yetu sote, na bibi akawa anasahihisha. Huyu alihamia Chalinze. Huyu si mjane, mumewe yuko baharini. "Na huyu hayupo humo, andika." Alitaja wanne ambao kalamu yangu haikuwahi kuwafikia, na wote nyumba zao nazipita nikienda kazini. Mmoja wao ni Mwislamu. Nikauliza kama naye aandikwe kwenye daftari la jumuiya.

Bibi akanitazama. "Unga huwa unauliza?"

Watu wakacheka, safari hii mimi nikiwa ndiye wa kuchekwa. Nikaandika. Wino uliisha kwenye jina la tatu, tukaazima kalamu ya yule mtoto.