Sufuria la kaka, kando ya mto

Bwana asifiwe wapendwa. Tafakari ya wiki hii imetoka porini kabisa, maana tulikodi karavani tukaifunga nyuma ya gari, tukatoka Melbourne, huku Australia, kupandisha hadi mto Murray, kama masaa matatu hivi, tukalala Barmah. Pale kupiga kambi ni bure, bukingi hamna, unatafuta tu nafasi karibu na maji unaegesha, ila maji ya kunywa uje nayo na takataka zako uondoke nazo.

Mi nilishachagua kivuli kizuri chini ya mkaratusi mmoja mkubwa. Mzee mstaafu wa karavani ya jirani akaja na kikombe chake cha chai mkononi, akasema hameni hapo, hii miti inaangusha matawi hata siku isiyo na upepo, na tawi lenyewe ni la kuua. Tukahama (na mkeka nilishatandika jamani).

Usiku sasa. Geti hamna, mlinzi hamna, netiweki ndo kabisa. Mtoto wa mwisho akaniuliza, mama hapa nani anatulinda? Nikakumbuka Ezra 8 kwenye Biblia. Ezra, yule kuhani aliyeongoza Wayahudi kutoka Babeli, naye alipiga kambi kando ya mto, mto Ahava, siku tatu, na watoto na mizigo, safari ya Yerusalemu ya karibu miezi minne, na akaona aibu kumwomba mfalme askari wa kumsindikiza, akatangaza wafunge wamwombe Mungu. Hapo kwenye kufunga na ulinzi ndo tunapohubirigi sana. Mimi nilikwama mstari wa 15. Walipotua mtoni akawakagua watu, hakuna Mlawi hata mmoja, wale wa kabila la Lawi wahudumu wa hekalu! Na hakusema shauri yao, wenyewe hawakutaka kuja. Alituma watu wakawaite, msafara wote ukasubiri.

Niliyawaza hayo nikiwa naosha vyombo kwenye beseni, mbali na mto, tochi kichwani, nasugua sufuria la ugali, lile zito lililopinda ukingo. Ni la kaka yangu. Aliniazima kabla hatujagombana kwa ajili ya michango ya msiba wa baba mdogo, na tangu hapo miezi nane sijamtafuta, najiambia yeye ndo mkubwa, aanze yeye. Jioni ile nilipakua sahani sita nikaona tumeenea. Safari zetu zote za nyuma nilikuwa napakua tisa.

Sikulala vizuri, na sio kwa sababu ya giza.

Alfajiri wale ndege kookaburra wakaanza kucheka huko juu kama watu waliosikia habari zetu, tukafunga mizigo tukaondoka. Tulipokaribia mji wa Echuca simu ikaanza kulia meseji mfululizo, nikamwambia baba watoto hebu paki pembeni.

"Shikamoo kaka."

Kimya, mpaka nikadhani imekatika.

"Marahaba. Sufuria langu bado lipo?"