Hichi ya kugawa uzito: nilikuwa napima nyuma, kumbe jibu liko mbele

Kwanza tuelewane kwenye neno. Naandika "hichi" kwa sababu ndivyo tunavyoitamka, najua inagongana na "kitu hichi" lakini mtazoea, nikisema hichi namaanisha lile dude zito la chuma unalochomeka nyuma ya gari, juu lina boli, yaani mpira wa chuma wa kukalia mdomo wa trela, na chini lina matundu mawili ya kuingizia vyuma virefu vya springi. Vile vyuma vinaelekea nyuma mpaka kwenye fremu ya trela, ile yenye umbo la A, halafu vinaning'inizwa na cheni kila upande. Ukizivuta cheni juu vyuma vinapinda kidogo, na huko kupinda ndiko kunakofanya kazi yote.

Miezi ya mwanzo mi sikuwa na habari. Karavani, hiyo trela yangu ya kulala safarini, niliipata pamoja na hichi yake, aliyeniuzia akanifungia mwenyewe, akachagua pete ya cheni anayoijua yeye, akapiga bodi kofi mbili akasema bosi hii iko fiti. Nikaondoka. Barabarani usukani ukawa mwepesiii, nikafurahi kabisa, kumbe usukani kuwa mwepesi hivyo ghafla ni kwamba tairi za mbele hazijakanyaga lami inavyotakiwa. Usiku ndo ikawa balaa, kila anayekuja mbele ananiwashia full na mi nawasonya tu, mbona nimeshusha taa? Taa nilishusha kweli, ila pua ya gari ilikuwa imenyanyuka kama boti iliyoongezwa moto.

Siku niliyoelewa ni siku nilipokaa na karatasi nikapiga hesabu. Chukua trela inayoweka kilo 300 kwenye boli. Boli iko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, na kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma ni mita 3. Hizo kilo 300 hazikai tu hapo nyuma zikatulia, zinafanya kama mtoto mzito aliyekaa kwenye ncha ya bembea ya ubao, upande mwingine unapanda. 300 mara 1.2 gawa kwa 3 ni 120. Yaani ekseli ya mbele inapoteza kilo 120 na ya nyuma inabeba 420, siyo 300! Hapo ndo nilipokaa vizuri kwenye kiti. Sasa vile vyuma vya springi vinakuja kugeuza hiyo bembea, vikikazwa mpaka mbele irudi kama ilivyokuwa, na kama ekseli za trela ziko mita 5 hivi kutoka kwenye boli, basi kama kilo 58 zinahamia kwenye ekseli za trela na nyuma ya gari inabaki na ongezeko la 242 tu. Uzito haujapotea popote, 300 ni zile zile, zimegawanywa.

Basi Jumamosi nikaamua kuipanga upya mimi mwenyewe, shemeji akaja kunisaidia, mtu wa maneno mengi lakini mkono anao.

Kosa la kwanza tulilifanya hata hatujashika spana. Trela ilikuwa tupu. Matangi makavu, mitungi ya gesi imetolewa, vyombo viko ndani ya nyumba. Tukapanga vizuri kabisa, kila kitu kimenyooka, nikapiga na picha. Wiki iliyofuata tukapakia vya safari, gari likakaa chini utadhani hatujafanya kitu. Kwa hiyo ikabidi turudie yote tukiwa na maji, gesi, nguo, viti, na hata kwenye gari nikaweka mizigo ninayoweka siku zote, maana vitu vilivyo nyuma ya ekseli ya nyuma navyo vinakandamiza hapo hapo. Halafu sehemu iliyo sawa jamani. Tulipoanzia palikuwa na mteremko ambao kwa macho hauonekani, tukaweka pima maji chini ndo tukaona.

Uzito wa kwenye boli niliupima kwa mzani wa bafuni, ule wa kupimia mwili. Usiweke mdomo wa trela juu yake moja kwa moja utaupasua. Unaweka ubao imara, upande mmoja umekalia bomba juu ya tofali, upande wa pili umekalia bomba jingine juu ya mzani, halafu unashusha trela kwenye ubao mahali ambapo ni futi 1 kutoka bomba la tofali na futi 2 kutoka la mzani. Mzani unabeba theluthi moja tu, kwa hiyo unachosoma unazidisha kwa 3. Mimi ulisoma 100 na ushee. Trela yangu ikipakiwa ni kama kilo 2,600, na kanuni ya karavani za hivi ni asilimia 10 mpaka 15 iwe mbele kwenye boli, kwa hiyo nilitakiwa niwe kati ya 260 na 390. Niko ndani. Ukiwa chini ya hapo usihangaike na cheni kwanza, hamisha mizigo mbele, maana trela yenye mdomo mwepesi ndiyo inayoanza kucheza mkia ukiongeza spidi, na mkia ukishaanza kucheza huo siyo muda wa kujifunza.

Kimo cha boli sitakaa nacho sana. Trela unaisimamisha ikae sawa kabisa, unapima kimo cha mdomo wake kutoka chini, halafu boli unaiweka juu kidogo ya hapo kwa sababu gari litashuka. Nati ya boli ndo usiifanyie mzaha, boli yenye shina la inchi 1¼ watengenezaji wengi wanataka nguvu ya kukaza ya futi-pauni 450 hivi, kama Nm 600, hiyo siyo ya kukaza kwa spana ya kawaida na kuguna. Tuliazima toki renchi ndefu, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, shemeji akaning'inia.

Sasa patamu. Mimi siku zote nilikuwa naangalia nyuma, nyuma imelala, nyuma haijalala. Kitabu cha gari langu hata hakiulizi habari za nyuma, kinauliza kimo cha mbele, kutoka chini mpaka ukingo wa madigadi juu ya tairi la mbele. Unapima mara tatu. Gari peke yake, mimi nikapata sentimita 89.5. Trela imekaa kwenye boli lakini vyuma havijafungwa, 92. Kwa hiyo mbele imepanda 2.5. Kitabu changu kinataka angalau nusu ya hiyo irudi, yaani nishuke mpaka 90.75 au chini ya hapo, lakini nisiende chini ya 89.5. Vitabu vingine vinataka irudi yote, na kuna magari yanakataza kabisa hii hichi, kwa hiyo soma cha kwako usichukue namba zangu.

Tukafunga vyuma kwenye pete ile ile ya yule aliyeniuzia. 91.7! Miezi yote ile nilikuwa natembea na dude zito la mapambo.

Tukapanda pete moja. 91.3. Pete nyingine, shemeji anakandamiza lile bomba la kugeuzia kishikio, kile kinachoshika cheni kwenye fremu na kuivuta juu, mpaka mishipa ya shingo imetoka, nikamwambia basi acha, kitu kinachohitaji nguvu namna hii hatujakipanga sawa. Kweli, shida haikuwa kwenye cheni, ilikuwa kwenye kichwa cha hichi chenyewe. Kichwa kina mlalo wake, na kwenye ya kwangu mlalo unaamuliwa na washa ndogo, vile visahani vya chuma vyenye tundu, zinazopangwa kwenye pini ndani ya kichwa. Ukiongeza washa kichwa kinalala kuelekea trela, ncha za vyuma zinaanzia chini zaidi, kwa hiyo ukizinyanyua mpaka pete ile ile zinapinda zaidi. Mlalo ndo unaobadilisha mambo makubwa, cheni ni ya kusawazisha vidogo. Kulikuwa na washa 3, tukaweka 6 kwa pupa.

Ikasoma 88.9. Gari likainamisha pua! Shemeji akafurahi, "si ulitaka ishuke, imeshuka." Na kwa nyuma ilipendeza, imenyooka kama rula, ningekuwa mimi yule wa zamani ningeondoka nayo. Lakini mbele ikiwa chini kuliko gari likiwa tupu maana yake umeinyang'anya ekseli ya nyuma uzito wake, na kwenye barabara iliyolowa hizo ndo tairi za kwanza kuteleza, na trela nayo iko nyuma inakusukuma. Tukatoa washa 2. 90.3. Mbele imerudi sentimita 1.7 kati ya 2.5, trela imekaa sawa na vyuma vimekaribia kuwa sambamba na fremu. Nyuma ya gari bado imeshuka kidogo ukilinganisha na gari tupu, na hiyo ni sawa, limebeba mzigo sasa ulitaka lisishuke?

Siku ya pili nikapitia kwenye mizani ya malori kuhakikisha: gari peke yake, gari na trela bila vyuma, kisha na vyuma. Namba za ekseli ya mbele zikakubaliana na futi yangu ya kupimia kwa tofauti ndogo tu. Kama mizani iko njiani kwako pita, kama haiko futi inatosha kuanzia.

Kufunga na kufungua kila siku nimekuja kujifunza kwamba jeki ya trela ndo rafiki. Mdomo ukishakamata boli na umeufunga, unapandisha jeki hata nyuma ya gari inyanyuke kidogo, ndipo unaingiza cheni, kishikio kinapanda kwa mkono mmoja. Kufungua vile vile, jeki kwanza. Wakati wa kugeuza kishikio usisimame kwenye njia ya lile bomba na usiweke uso juu yake, kile chuma kimebeba nguvu ya mamia ya kilo na kikiponyoka hakikujui. Mimi kiliniponyoka mara moja tu, bomba likapita jirani na paja likaenda kugonga mtungi wa gesi, nikakaa chini dakika nzima. Na ukiweka pini ya kufungia kishikio, iweke kweli, usiseme nitaweka nikimaliza taa.

Kitu kingine nakiona sana, mtu ananunua hichi hii akidhani sasa gari lake linaweza kuvuta zaidi. Haiongezi kitu. Uwezo wa gari ni ule ule ulioandikwa kwenye kitabu chake na kwenye stika ya mlango, tena hichi yenyewe ina makumi ya kilo ambazo nazo zinahesabiwa kwenye mzigo. Kinachoweza kubadilika ni ile namba kwenye kipokeo cha nyuma ya gari, lile tundu unalochomeka hichi, mara nyingi pana namba mbili, moja ya kubeba bila vyuma na moja ukiwa na vyuma, ila hiyo ni ya kipokeo siyo ya gari zima. Na vyuma vyenyewe vina saizi, ukifunga vya kilo nyingi mno kwa trela nyepesi haviwezi kupinda vizuri, safari nzima unarushwarushwa na fremu ya trela inaumia.

Pete yangu nimeipaka rangi nyekundu pande zote mbili, na zile namba tatu, 89.5, 92, 90.3, nimeziandika kwa maka peni ndani ya mlango wa boksi la mbele. Kilichobaki ni kelele. Nikikata kona vyuma vinalia kama mlango wa zamani, nimepaka grisi kwenye matundu ya kichwa na kwenye boli imepungua lakini haijaisha. Shemeji anasema nizoee, anasema yake inalia tangu aifunge. Juzi nikamwuliza ya kwake mbele inasoma ngapi, akasema hajawahi kupima. Jumamosi naenda kwake na futi.