Wa mwisho kutoka mchangani

Nahodha alisema tuondoke saa nne asubuhi, na saa nne tulikuwa tumeshavua viatu ufukweni Utende. Kisiwani Mafia maji ndiyo yanayopanga safari. Yakipwa, mashua inakaa kwenye tope na abiria mnakaa nayo. Ilikuwa Agosti 2017, kusi inavuma, nami nilikuwa na binti yangu wa miaka tisa. Tulikuwa tumeshazunguka Chole na kuwatazama popo wakubwa wakining'inia mitini mchana kweupe, lakini kilichotuleta hasa ni kasa wa kisiwa cha Juani.

Tukaingia kwenye mikoko, tukashuka, tukaanza kukivuka kisiwa kwa miguu. Njia ni ya mawe ya matumbawe, makali, ya kukanyaga kwa kuchagua. Magofu ya Kua, mji uliovamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska karne ya 19, tuliyaacha kwa siku nyingine. Bahari tuliisikia kabla ya kuiona. Upande wa mashariki hakuna ghuba ya kukinga kitu, mawimbi yanapiga moja kwa moja, na siku ile ufuo mzima haukuwa na kibanda, kiti wala taa. Namshukuru Mungu kwa hilo la taa, kwa sababu mtoto wa kasa akitoka usiku huufuata mwanga wa bahari. Ukiwasha balbu nyuma yake, anapanda nchi kavu na kufa.

Mzee mlinzi wa viota alikuwa amechuchumaa kando ya vijiti alivyozungushia kiota.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mmewahi. Wengine walishatoka jana usiku, hawa ndio waliobaki chini."

Akaanza kuufukua mchanga kwa viganja, polepole. Alituambia mayai yamekaa humo kama miezi miwili, zaidi ya mia moja, na kwamba mchanga ukiwa wa moto sana huzaliwa majike wengi kuliko madume. Halafu akasema, bila kuulizwa, "Zamani haya tulikuwa tunayala. Mimi nimekula mengi." Mikono yake haikusimama.

Kwanza kilitokea kichwa kimoja, kimejaa mchanga machoni. Kisha mchanga wote ukawa unacheza. Walikuwa weusi mgongoni, weupe tumboni, kila mmoja wa kutosha kulala kwenye kiganja cha mwanangu, na mapezi ya mbele marefu kuliko nilivyodhani, kama makasia yaliyotengenezwa kwa ajili ya chombo kikubwa zaidi. Walitambaa wakiacha alama za mistari kama tairi la baiskeli. Wimbi la kwanza liliwarudisha wote nyuma, chali. Wakajipindua, wakaanza tena.

Mmoja alibaki. Alitoka wa mwisho, chini kabisa kati ya maganda, na pezi lake la kulia lilikuwa limejikunja. Alizunguka mahali pamoja. Kaa mmoja alichungulia kwenye shimo lake, na binti yangu akasimama kati yao.

"Babu, nimbebe tu mpaka majini?"

"Mwache, mjukuu wangu. Mchanga huu lazima autambae mwenyewe. Kaa mfukuze, hilo ruhusa."

Basi akafukuza kaa. Mimi nilikuwa nikitazama saa. Nahodha alitaka turudi kabla ya saa tisa, na saa tisa ilikuwa imefika, na bado ile njia ya mawe ilitungoja. Nilifungua mdomo kusema twende. Sikuweza. Mtoto alikuwa amepiga magoti pembeni ya kile kiumbe, hakigusi, ananong'ona, "Haya, haya, haya," kila kilipovuta pumzi na kusogea. Mzee alikuwa akihesabu maganda kumi kumi na kuandika kwenye daftari lililokunjika, lakini jicho lake lilikuwa huko huko.

Pezi lilinyooka kidogo kidogo kadiri jua lilivyolikausha. Mstari wake mchangani ulipinda, ukanyooka, ukapinda. Wimbi lililomchukua lilikuwa dogo kuliko yote ya mchana ule. Tuliona kichwa mara moja juu ya povu, saizi ya kitufe cha shati, kisha maji tu.

"Ameenda," mzee akasema, akafunga daftari.

Tulifika mikokoni karibu saa kumi na nusu. Maji yalikuwa yamepwa, mashua imelala ubavu mbali kidogo, nahodha amekaa juu yake mikono kifuani. Tope lilitufika magotini. Nilitayarisha maneno ya kumwomba radhi, lakini binti yangu alitangulia, ndala mkononi, akipiga kelele tangu mbali:

"Mjomba! Na yule wa mwisho naye ameingia!"

Nahodha akakunjua mikono, akashuka topeni kumpokea.